Huduma Ikikosekana Hospitali ya Umma Kenya: Jinsi ya Kuiwajibisha Serikali Hatua kwa Hatua

Mgonjwa akifa kwa kukosa oksijeni, mtu wa kwanza kukaripiwa ni muuguzi aliyekuwa zamu. Ndiye aliye mbele ya macho. Lakini muuguzi haagizi mitungi ya oksijeni, haandiki bajeti, hatii sahihi mkataba wa jenereta, wala hana uwezo wa kujiajiria wenzake wa kumsaidia usiku. Wenye uwezo huo wako ofisini, mbali na wodi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifuata kosa kutoka kitandani mwa mgonjwa hadi kwenye meza ya aliyepaswa kulizuia, kwa sheria za Kenya. Kwa hatua nyingi hapa, huna haja ya wakili. Unahitaji karatasi, tarehe na ukaidi.

Kama mgonjwa bado yuko hatarini

Malalamiko yanaweza kungoja, uhai haungoji. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, imelieleza jambo hilo zaidi: matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga rufaa kama kituo hakimwezi. Kituo chenye uwezo kikikataa kinatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3.

Kwa hiyo ukiambiwa "lipeni kwanza ndipo ashughulikiwe", mtafute msimamizi wa zamu na umwambie kwa utulivu: "Huyu ni mgonjwa wa dharura. Kama hamtamhudumia, naomba mniandikie hapa kwamba mmekataa, pamoja na sababu." Wachache sana hukubali kuweka kukataa huko kwenye maandishi. Wakikataa kuandika, andika wewe: jina lililo kwenye beji, saa, na maneno yenyewe yaliyosemwa.

Hatua ya 1: Ushahidi, kabla haujapotea

Siku mbili tatu za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote. Watu bado wanakumbuka, na faili bado liko mahali pake. Kaa chini uandike mtiririko wa saa. Usiandike "walituacha usiku kucha", kwa sababu sentensi hiyo haiwezi kuchunguzwa. Andika hivi:

Saa 3:10 usiku, tulifika mapokezi. Saa 3:40, muuguzi alimpima presha, akasema daktari ameitwa. Saa 5:05, tuliambiwa benki ya damu haina damu, tutafute watu wa kuchangia. Saa 6:30, ndugu wawili walifika kuchangia, wakaambiwa maabara imefungwa hadi asubuhi. Saa 8:15, daktari alifika. Saa 9:00 kasorobo, mgonjwa alifariki.

Soma tena mistari hiyo. Tayari imeonyesha mambo matatu tofauti: daktari aliyechelewa, damu iliyokosekana, na maabara isiyofanya kazi usiku. La kwanza huenda ni kosa la mtu. Mawili yaliyobaki ni ya mfumo, na mfumo una mwenyewe.

Weka pamoja kadi ya kliniki, barua ya rufaa, majibu ya maabara, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, na kila karatasi ya dawa uliyotumwa kununua nje pamoja na risiti ya chemisti. Risiti hizo watu huzitupa, ilhali karatasi ya daktari ikiwekwa kando ya risiti ya duka, tarehe zikiwa zinalingana, ni ushahidi kwamba hospitali haikuwa na dawa siku hiyo. Piga picha stakabadhi zako zote na utume nakala kwa mtu unayemwamini. Usipige picha za wagonjwa wengine. Wana haki yao ya faragha, na picha hizo zinaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Omba kwa maandishi nakala ya faili la matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake mwenyewe zinazoshikiliwa na taasisi. Ukiomba mapema, inakuwa vigumu kwa faili "kutoonekana" baadaye.

Kama mgonjwa amefariki na mna shaka na chanzo, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, na kama mnaweza mtafute daktari wa uchunguzi asiye wa hospitali hiyo ahudhurie. Najua ni jambo zito kuiambia familia iliyofiwa isubiri, na mila na dini nyingine zinataka mazishi ya haraka. Uamuzi ni wa familia. Ila mjue kwamba bila ripoti hiyo, upande wa pili utasema ugonjwa ndio uliomuua, na mtakuwa hamna la kuwajibu.

Hatua ya 2: Tafuta kosa ni la nani

Hapa ndipo malalamiko mengi hupotelea njia. Jiulize swali moja: kama mhudumu yule angefanya kila kitu sawasawa, je, mgonjwa angepata huduma? Jibu likiwa ndiyo, kosa ni la mhudumu au la usimamizi wa zamu. Jibu likiwa hapana, kwa maana ya kwamba hata daktari hodari kuliko wote asingeweza kwa sababu hakukuwa na damu, umeme, dawa au watu, basi umeingia kwenye wajibu wa serikali.

Serikali ipi? Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Serikali ya kitaifa ina sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi kule Eldoret. Kaunti zina vituo vya afya na hospitali za kaunti, maduka ya dawa ya umma, ambulensi na huduma za msingi. Kwa lugha ya ngazi, zahanati (ngazi ya 2) hadi hospitali ya rufaa ya kaunti (ngazi ya 5) ni jukumu la gavana na waziri wake wa afya. Ngazi ya 6 ni ya Wizara ya Afya.

Mpaka huo kwenye karatasi ni safi, lakini mitaani kila upande humsukumia mwenzake. Kaunti itasema Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024, haijalipa madai ya hospitali. Au itasema KEMSA, shirika la kitaifa linalosambaza dawa kwa hospitali za umma, haijaleta dawa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine KEMSA haijaleta kwa sababu kaunti yenyewe ina deni. Usibishane nao juu ya hilo kwa mdomo. Andika jibu walilokupa, taja aliyelitoa, kisha ulifuate kwa karatasi katika hatua ya 4.

Kuna nyakati lawama ni ya pande zote mbili, na mahakama imewahi kusema hivyo. Agosti 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza uzazi wa bure, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya kaunti ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba utu wake ulivunjwa, ikamtuza shilingi milioni 2.5 na kuamuru aombwe radhi rasmi. Kilichonigusa katika uamuzi ule ni kwamba jaji hakuishia kwa wauguzi. Alisema serikali ya kitaifa na ya kaunti hazikutenga rasilimali za kutosha wala hazikuweka njia za kusimamia viwango vya huduma ambayo zenyewe ziliitangaza. Kutangaza huduma ya bure bila kuipangia vitanda na watu ni kosa la aliyeitangaza.

Hatua ya 3: Lalamika hospitalini kwanza

Hata kama huna imani nao, anza hapo. Sheria ya Afya, kifungu cha 14, inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na lalamiko lake lichunguzwe. Utaratibu wa kulalamika unapaswa kubandikwa mahali panapoonekana, na mlalamikaji ana haki ya kuelezwa kwa maandishi, ndani ya miezi mitatu, hatua zilizochukuliwa.

Barua iende kwa daktari msimamizi wa hospitali, nakala kwa bodi ya hospitali na kwa waziri wa afya wa kaunti. Peleka nakala mbili: moja wabaki nayo, nyingine wakupigie mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, baada ya miezi mitatu utaambiwa barua haikufika. Wakikataa kupiga mhuri, itume kwa rejista ya posta au kwa baruapepe na uhifadhi uthibitisho.

Barua isizidi kurasa mbili. Mtiririko wa saa, orodha ya viambatisho, na mwishoni maswali unayotaka yajibiwe. Hasira unayo haki nayo, lakini iweke nje ya barua hii.

Hatua ya 4: Omba taarifa

Kama kuna silaha moja ambayo Wakenya hawaitumii vya kutosha, ni hii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imeweka utaratibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo, na afisa analazimika kumwandikia. Huulizwi sababu ya kutaka. Ombi lenyewe halilipiwi, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza mara moja tu, siku zisizozidi 14. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza hadi muda uishe, sheria inahesabu kwamba wamekataa.

Ubora wa jibu unategemea ubora wa swali. Ukiuliza "kwa nini hospitali haina dawa?" utapata hotuba. Omba hati zenye majina na tarehe. Mfano, badilisha kulingana na tukio lako:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Taarifa, Idara ya Afya ya Kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, naomba nakala za: (1) kadi ya stoo ya dawa fulani katika hospitali fulani, inayoonyesha ilipoingia na ilipoisha, kuanzia tarehe hii hadi ile; (2) maagizo ya dawa yaliyotumwa KEMSA katika robo mwaka hiyo, na hati za kupokea mzigo; (3) ratiba ya zamu ya wodi ya uzazi usiku wa tarehe fulani, ikionyesha idadi na vyeo vya wahudumu; (4) kumbukumbu za matengenezo ya jenereta na mtambo wa oksijeni kwa miezi kumi na miwili iliyopita; (5) fedha zilizotengewa dawa katika hospitali hiyo mwaka huu wa fedha, na kiasi kilichotolewa kufikia leo. Naomba nijibiwe ndani ya siku 21."

Jibu la ombi la kwanza na la pili, likiwekwa kando ya risiti zako za chemisti, linaweza kumaliza ubishi wote. Kadi ikionyesha dawa iliisha Februari na agizo likatumwa Mei, tatizo si KEMSA. Kadi ikionyesha dawa zilikuwepo siku uliyotumwa nje kununua, una kesi nyingine kabisa, huenda ya wizi, na hiyo ni ya polisi na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Wakikunyima, una siku 30 kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ofisi ya Ombudsman, iupitie upya uamuzi huo. Ni bure. Tume hiyo pia hupokea malalamiko ya kucheleweshwa, kudharauliwa na matumizi mabaya ya mamlaka katika ofisi za umma, na si lazima uende Nairobi, kwani hupokea pia kwa barua na baruapepe.

Hatua ya 5: Mabaraza ya taaluma

Kama hatua ya 2 ilikuonyesha kosa la mtu, lipeleke kwa baraza linalompa leseni. Madaktari, madaktari wa meno na vituo vyenyewe viko chini ya KMPDC, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, matabibu wana Baraza la Matabibu, na wafamasia wako chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. KMPDC inaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista, na inaweza kukichukulia hatua kituo.

Usitarajie mabaraza haya yaseme lolote kuhusu bajeti ya gavana. Wala usimpeleke huko mhudumu ambaye kosa lake pekee ni kuachwa peke yake na wagonjwa wengi asiowaweza. Huyo anaweza kuwa shahidi wako bora. Akikubali kukueleza kilichotokea, linda jina lake. Barua zako ziombe hati ambazo yeye amekuambia zipo, bila kusema ulijuaje.

Hatua ya 6: Fuata pesa

Watu wengi huona hapa si mahali pao. Ni mahali pao hasa. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hutoa ripoti za kila mwaka, na siku hizi hospitali nyingi za ngazi ya 4 na ya 5 hukaguliwa kila moja kwa ripoti yake. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Tafuta ya hospitali yenu, ruka kurasa za mahesabu, nenda kwenye sehemu inayozungumzia upungufu katika utekelezaji wa huduma za afya kwa wote. Mara nyingi utakuta jedwali linaloonyesha hospitali ilipaswa kuwa na madaktari, wauguzi, vitanda na vifaa vingapi, na ilikuwa na vingapi. Hayo ni maneno ya mkaguzi aliyewekwa na Katiba, na kiongozi hawezi kuyaita uzushi wa mitandaoni.

Ukishalipata, hesabu miaka. Kama upungufu huohuo umeandikwa mara tatu mfululizo, kaunti haiwezi kudai haikujua. Kujua na kutotenda ndiko kiini cha uwajibikaji.

Linganisha pia na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazoonyesha kila robo mwaka kaunti ilitengewa nini na ikatumia nini. Kumbuka kwamba vifaa kununuliwa si sawa na huduma kutolewa. Mpango wa kukodisha mashine za kisasa kwa hospitali 98, ulioanza mwaka 2015, ulituachia mashine zilizokaa bila kazi katika baadhi ya hospitali kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au wataalamu wa kuziendesha. Kiongozi akikuonyesha picha ya mashine, muulize nani anaiendesha na imehudumia wagonjwa wangapi.

Ukiwa na karatasi hizo, una milango mitatu. Wa kwanza ni maombi kwa bunge la kaunti: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki hiyo. Mpe nakala mwakilishi wa wadi yako, lakini wasilisha kwa karani wa bunge ili yaingie kwenye kumbukumbu. Wa pili ni Seneti, ambayo kamati yake ya hesabu za kaunti huwaita magavana kujibu ripoti za ukaguzi. Tuma ushahidi wako kabla ya gavana wenu kuitwa. Wa tatu ni vikao vya bajeti. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukienda Juni kulalamikia dawa, mgao unakaribia kupitishwa. Nenda mapema, nenda na watu, na taja mstari wa bajeti unaoutaka uongezwe na ule wa kupunguzwa.

Kwenda wengi kuna faida nyingine. Anayetegemea kituo hicho kwa dawa za presha au za ARV ana hofu halali ya kubaguliwa akilalamika peke yake. Barua iliyotiwa sahihi na kikundi cha akina mama, kanisa, msikiti au chama cha wagonjwa haina mtu mmoja wa kulipiziwa kisasi.

Hatua ya 7: Mahakama

Jambo la kwanza ni kalenda. Kesi ya kawaida ya uzembe ina miaka mitatu, lakini Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inaipunguza kuwa miezi 12 tu dhidi ya serikali. Chukulia mwaka mmoja kuwa mwisho wako, tangu siku ya tukio, na usiache majibu ya hospitali yaule muda huo. Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka pia notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba sharti hilo linakiuka Katiba, lakini itume tu. Haigharimu kitu, na inaondoa kisingizio.

Njia ya pili ni ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22. Hakuna ada ya kulianzisha, mtu anaweza kuwafungulia wengine wasioweza au kwa maslahi ya umma, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Halina kikomo cha muda kilichoandikwa, ingawa ukichelewa bila sababu jaji atakuuliza. Ndiyo njia iliyotumiwa na wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kushindwa kulipa bili. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kuzuiliwa kwao kulikuwa kinyume cha sheria, ikawatuza shilingi milioni 1.5 na 500,000. Kwa hiyo hospitali ikikushikilia kwa bili, uamuzi upo wa kuwaonyesha.

Katika ombi, usidai fidia peke yake. Omba pia mahakama iamuru kaunti iwasilishe mpango wenye tarehe, kisha irudi kueleza imefika wapi. Kwa wakili, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au mashirika ya haki za afya yanayotafuta kesi zitakazowafaa wengi. Kabla hukumu haijatoka, usimtaje mhudumu kwa jina mtandaoni kama muuaji. Utafunguliwa kesi ya kuchafua jina, nayo itameza nguvu ulizohitaji kwa ile ya kweli.

Ukishinda, fahamu kwamba sheria hairuhusu mali ya serikali kupigwa mnada kulipa deni. Mwombe wakili wako achukue hati ya amri kutoka mahakamani na kumpelekea afisa anayeidhinisha malipo katika idara husika. Akikaa kimya, rudi mahakamani uombe amri ya kumlazimisha yeye, kwa cheo chake, aidhinishe malipo. Akiikaidi hiyo, anaweza kufungwa kwa kudharau mahakama. Hesabu pia kwamba ile kesi ya Bungoma ilichukua karibu miaka mitano tangu tukio hadi hukumu, na upange nani katika familia ataendelea kulishika faili kama wewe utachoka.